Droni ya Burudani na Sofa la Bluu

Jumatatu, Juni 3
Dalali wa nyumba ameziona picha zangu za droni. Zimemduwaza! Ana nyumba ya ghorofa, mwaka wa pili haina mnunuzi, anataka ipigwe picha kutoka juu. Mimi ni muuza vigae, lakini moyoni ni rubani.

Shemeji, kaka wa mke wangu, mpiga picha za harusi, akanikata maini. Eti cheti changu ni cha burudani tu. Eti nikitaka kazi ya biashara nifanye mtihani, nikate bima, niombe kibali, kama alivyofanya yeye. Wivu mtupu.

Jumanne, Juni 4
Dawa nimeipata. Biashara ni kuuza. Mimi siuzi! Nitampa dalali picha bure. Naye, kwa hiari yake, atanipa sofa la bluu lililobaki kwenye nyumba ile. Zawadi ya rafiki kwa rafiki. Tumefahamiana tangu jana.

Alhamisi, Juni 6
Nimerusha. Upepo umetulia, jua liko upande wangu. Nyumba imependeza kama bi harusi. Nyumba ya mama mkwe, iliyo ubavuni mwake, imeingia kidogo pembeni. Sikujali.

Sofa limefika saa tisa. Mke wangu akalikalia, akauliza limetoka wapi. Nikamwambia watu wananipenda. Akainuka.

Jumamosi, Juni 8
Dalali ametundika bango njia panda. Kubwa kama ukuta! Nilimsihi aweke jina langu kwa herufi nene. Ameweka. Nimepita mara nne kujisoma.

Mara ya nne nikamwona mama mkwe. Kwenye bango! Yuko juu ya paa lake, nyundo mkononi, anagongelea bati. Mama mkwe huyuhuyu ambaye miezi sita sasa hatoki kwa sababu ya miguu. Ambaye mke wangu humpikia kila jioni, na shemeji humshika mkono hadi mlangoni.

Nikaomba mvua inyeshe.

Jumapili, Juni 9
Haikunyesha. Ukoo mzima umeona.

Mama mkwe ameniita. Nikavaa suti. Nilitegemea radi, nikakuta chai. Akasema, taratibu kabisa, “Mwanangu, miguu iliniuma kweli. Ilipopona nikaogopa kusema. Watoto walikuwa wanakuja kila siku.”

Nikatazama zulia.

“Lakini ungeniuliza kwanza,” akasema. “Lile ni paa langu.”

Nimerudi kwa miguu, njia ndefu, nisipite penye bango.

Jumanne, Juni 11
Ofisi ya usalama wa anga imeniita. Jina langu wamelisoma njia panda. Laiti ningeomba herufi nyembamba!

Afisa ni mama mpole. Akauliza nimelipwa nini. Nikasema sikulipwa chochote, nimepewa zawadi. Zawadi gani? Sofa. Akauliza kama ningepewa sofa bila kupiga picha. Nikamjibu kwamba dalali ana roho nzuri. Akaandika: malipo.

Akanieleza kama mtoto wa chekechea. Si lazima pesa ibadilishe mikono. Ukipata kitu kwa ajili ya picha, ni biashara, na cheti cha burudani hakitoshi. Na mtu anayetambulika kwenye bango la kuuzia nyumba, aombwe ruhusa. Nimepewa onyo la maandishi. Bango lishushwe. Droni imebaki kabatini kwake hadi nifaulu mtihani.

Nimetia sahihi mara tatu.

Ijumaa, Juni 14
Bango limeshuka. Sofa limerudi lilikotoka. Nilidhani wanawe watamnunia mama mkwe. Wapi! Wameendelea kwenda kila jioni, ila sasa anawapikia yeye.

Shemeji ameniletea vitabu vyake vya mtihani, akajitolea kunifundisha Jumamosi zote. Nilikaribia kulia. Nikamshukuru, nikaviweka kabatini.

Jumatano, Juni 19
Mwenye hoteli anataka picha ya bwawa lake la kuogelea, kutoka juu. Nilimwambia ukweli, kwamba droni nimenyang'anywa. Akasikitika. Nami nikasikitika, kama dakika mbili.

Halafu nikakumbuka vishada! Karatasi, vijiti, uzi mrefu, simu yangu ya zamani imefungwa katikati. Kishada si droni. Nimesoma kanuni zote, kurasa mbili za mwanzo, na neno kishada sijaliona.

Mwenye hoteli ameuliza wageni wanaoogelea watasemaje. Nimemwambia hakuna mtu anayetazama juu.

Tunaanza kesho, saa nne asubuhi. Nimeshamwelekeza wapi pa kuandika jina langu.