Marufuku ya Betri Kuisha

Ifahamike kwa umma kwamba, kuanzia Jumatatu ile, betri ya Ofisi Tembezi ilipigwa marufuku kuisha.

Aliyetia sahihi ni Kipngetich, Kaimu Mkurugenzi wa Huduma Mashinani, mtu wa kazi kwelikweli. Ofisi Tembezi yenyewe ni gari-nyumba: ndani kuna kitanda, jiko, choo na meza ya kugongea mihuri. Lilinunuliwa liwapelekee watu wa vijijini huduma mlangoni. Lakini lazima lizinduliwe kwanza, na waziri wa kaunti hakuwa na nafasi, basi likafungiwa bandani Kericho. Kila likijaribiwa, kimya. Betri imekufa tena. Kipngetich alikosa raha kabisa, maana aliahidiwa kwamba siku ya uzinduzi neno “kaimu” litaondolewa. Ukaimu ulikuwa umemchosha, jamani! Hata mama mkwe alishaanza kuuliza.

Kamati ikaundwa, ikafungua kwa maombi, ikaamua mwizi wa chaji ni baridi ya Kericho. Betri ikafunikwa blanketi. Ikafia humo. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikafa ingali changa.

Ndipo Edinah, katibu wa kamati, akapendekeza wachomoe fyuzi mojamoja, waone ni kifaa gani kinanyonya umeme gari likiwa limelala. Wakachomoa ya redio, ya king'ora, ya taa ya ngazi. Wapi!

“Bosi, imebaki moja tu. Ya friji.”

“Hiyo haiguswi. Ni ya itifaki.”

“Kwani iko na nini ndani?”

“Mursik ya kumkaribisha mheshimiwa. Unataka iharibike?”

Edinah akashika kiuno. “Mursik kwa friji? Woi! Si maziwa inawekwa kwa kibuyu ndio ikae bila kuharibika? Mama yako akisikia hii…”

“Madam, mama yangu hakusomea itifaki. Andika: friji haichunguzwi.”

Akaandika. Kipngetich naye akabandika amri mlangoni mwa gari, herufi kubwa: ATAKAYEPATIKANA AKINYONYA BETRI HII ATALISUKUMA GARI YEYE MWENYEWE. Siku hiyo alikula chakula chake kwa amani.

Uzinduzi ukafika, na waziri akafika kweli. Dereva akazungusha ufunguo. Tk. Akarudia. Tk. Wachuma chai walioletwa kushangilia wakajitwika tena vikapu vyao. Kipngetich akatabasamu kikazi na kukimbilia kibuyu.

Waziri akapiga funda, akalamba midomo. “Tamu ajabu! Mliiweka wapi hii?”

“Kwa friji, mheshimiwa!” Kipngetich alivimba kwa furaha. “Ya hili gari hapa. Tangu Januari haijazimwa hata siku moja. Mimi mwenyewe nilihakikisha!”

Waziri akaitazama friji. Akaitazama betri. Kisha akasoma tangazo la mlangoni, polepole, kwa sauti, mpaka chini.

“Hii sahihi ni ya nani?”

Watu wakaanza kucheka kutoka nyuma kuja mbele. Kipngetich akavua koti, akaenda nyuma ya gari kusukuma. Banda liko bondeni, barabara iko juu, na mvua ya saa nane haijui suti. Wachuma chai wawili walimhurumia, wakatua vikapu wamsaidie, lakini Edinah akawazuia.

“Hapana. Imeandikwa yeye mwenyewe.”

Na ahadi ilitimizwa. Jioni hiyohiyo neno “kaimu” liliondolewa mlangoni pa ofisi yake. Neno “mkurugenzi” liliondoka nalo.