Taji la Ugiriki na Koti la Dada Walburga

Jumatano, 7 Januari 1863. Coburg.

Wagiriki hawana mfalme. Waliyekuwa naye walimfukuza Oktoba, na leo habari ni moja tu, toka kwa mwoka mikate hadi mlangoni mwa kanisa: taji wanataka kumpa Mtukufu wetu, mtawala wa Coburg. Sishangai. Mji wetu huu mtu huumaliza kwa miguu kabla kiko chake hakijazimika, lakini ukoo wa kasri letu umekalia kiti cha Brussels, umeingia Lisbon, na marehemu mwana wa kasri hilo alikuwa mume wa Malkia wa Uingereza. Wengine hupigana ili wapate nchi. Wetu huoa.

Sasa Athene. Na mimi, Balthasar Wuttke, nimefundisha Kigiriki miaka ishirini na sita kwa watoto wa wauza nyama. Mfalme mpya atahitaji katibu anayejua lugha. Nani mwingine?

Nilimweleza dada yangu Walburga, mjane, ninayeishi naye. Alikuwa akimenya viazi vya matonge. Akasema bila kuinua kichwa: "Mdogo wangu, wakubwa wakila, wewe huambulia harufu." Kisha akakohoa mpaka kisu kikamwanguka. Daktari anasema kifua chake kinataka nchi ya joto. Kwa hiyo safari hii ni kwa ajili yake pia. Nimeliandika hili ili lijulikane.

Jumatatu, 12 Januari.

Rebhan, anayefundisha jiografia chumba cha jirani na changu, ameitwa kasrini. Nilimwona akipita na ramani ya Ugiriki kwapani kama mtu aliyetoka kununua mkate. Hajui hata alfa. Alinisalimia kwa heshima. Mnafiki.

Sikuliacha hilo lipite. Alasiri nilipeleka utenzi wangu, beti mia mbili kwa Kigiriki safi, wa kumsifu Mtukufu. Nilisubiri saa tatu kwenye ujia wa jikoni, harufu ya nguruwe wa kuchoma ikinipita. Mwishowe Baron von Trossbach, msimamizi wa kasri, akaupokea. Aliushika juu chini. Akasifu mwandiko, akaniuliza kama ni mimi fundi saa aliyekuwa anatazamiwa tangu Ijumaa.

Nikapata upenyo wa kumdokeza kwamba Rebhan hutapika baharini, hafai kwa safari. Baron akasema hata yeye hutapika, akauliza Rebhan anatumia dawa gani.

Hata hivyo aliuweka utenzi mfukoni. Mfukoni hasa. Ni dalili njema.

Jumamosi, 17 Januari.

Siku kubwa. Mgiriki halisi amefika mjini! Naum Gerousis, muuza manyoya kutoka Leipzig, amefikia nyumba ya wageni karibu na soko. Nilimwendea nikamhutubia kwa lugha yake, dakika kumi bila karatasi. Akavua kofia, akainamisha kichwa. Nilipomaliza akajibu kwa Kijerumani kwamba amina, na kwamba hakujua mimi ni kasisi.

Inaonekana lugha yao imeharibika katika miaka hii elfu mbili. Tutawarekebisha.

Nilimpeleka nyumbani aone makoti yetu mawili ya manyoya. Watu wa Athene hawavai manyoya, na mizigo mizito huwachukiza wakubwa. Gerousis alilipapasa la Walburga, la mbweha, aliloachiwa na marehemu mumewe. Akasema ni mali nzuri, lakini akanionya, kwa nia safi, kuwa Athene nako theluji huanguka. Nilimwambia nimesoma vitabu vyote vya Wagiriki wa kale na hakuna anayelalamika baridi. Akasema labda walikufa kabla ya kuandika.

Nikamuuzia yote mawili. Walburga alikaa karibu na jiko, mikono ndani ya aproni. Usiku akauliza kama tungeweza kungoja hata Machi. Nilimjibu kwamba anayengoja Machi hukuta nafasi imechukuliwa na Rebhan.

Ijumaa, 23 Januari.

Nimeacha kazi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kujiuzulu yenye sehemu tano. Nilipofika ya pili, mwalimu mkuu alikwisha kutia sahihi. Akanitakia afya njema, akauliza ufunguo wa kabati uko wapi.

Darasa langu amepewa Rebhan. Kigiriki! Rebhan! Nasikia amewaambia wanafunzi watajifunza pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa. Wakampigia makofi. Mimi sikupata kupigiwa makofi miaka ishirini na sita. Nimemwambia Walburga yote ni heri, maana katibu wa mfalme hafai kuonekana akifuta ubao. Akauliza kama barua ya kasri imefika. Nikasema iko njiani.

Jumanne, 3 Februari.

Theluji mpaka dirishani. Mwoka mikate ameniambia, huku akinifungia mkate, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: Mtukufu amekataa. Wagiriki walimtaka aache nchi yake, naye hakutaka kuiacha. Basi. Kwa heri Athene.

Nilisimama pale mpaka wateja wakaanza kunizunguka. Nilipofika nyumbani Walburga alikuwa kitandani, uso mwekundu, ana homa. Aliponiuliza habari za mjini, nilimwambia bado wanajadiliana. Kisha nikamfundisha kuomba maji kwa Kigiriki. Alijaribu mara tatu. Kikohozi kilimkatiza kila mara kwenye neno la mwisho.

Nilikwenda kwa Gerousis kulinunua tena koti la Walburga. Amekwisha ondoka. Mwenye nyumba ya wageni anasema alilikata papo hapo, akatengeneza kola nne.

Ijumaa, 6 Februari.

Rebhan alikuja. Nje ameacha sleji ya kukokota thelujini imejaa kuni, na mkononi ana koti la mkewe, zito, la kondoo. Alisema daktari amemwambia hali ya dada. Akasema: "Mwalimu Wuttke, sikuja kukusimanga. Mvishe mgonjwa. Yetu sisi tutayasema majira ya joto."

Nilimtazama. Nikaona wazi mpango wake. Kesho mji mzima ungejua kuwa Wuttke anaota moto wa Rebhan. Na Baron naye angesikia. Siku kiti kingine cha enzi kitakapopatikana, nani angemchagua mtu aliyefunikwa na huruma ya mwalimu wa jiografia?

Nilimshukuru nikamwambia tuna kila kitu. Akachungulia begani kwangu, akaliona jiko halina moto. "Basi chukua kuni tu," akasema, "koti niondoke nalo." Nikafunga mlango. Nilisikia sleji ikikwaruza barabara hadi ikapotea.

Walburga alikuwa amesikia. Ukuta wetu ni mwembamba.

"Umemrudisha, Balthasar?"

Nikamwambia nimerudisha dharau.

"Dharau ingenitia joto," akasema. Akageukia ukutani.

Nimemfunika kwa pazia la sebuleni na joho langu la ualimu. Nimevunja kiti kimoja, nikakichoma. Viti vya mwaloni huwaka polepole.

Jumatano, 11 Februari.

Walburga amefariki alfajiri. Daktari amesema kifua. Hakunitazama alipokuwa akisema.

Ardhi imeganda, wachimba kaburi wamewasha moto juu yake tangu mchana ili ilainike. Waombolezaji waliokuja nyumbani walikuwa sita. Rebhan na mkewe walikuwa wawili kati ya hao. Mkewe alikuwa amevaa lile koti la kondoo, akalia sana.

Nyumba ni kimya. Nimepika matonge ya viazi mwenyewe, yameyeyukia majini.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka.

Wagiriki wamepata mfalme. Mdenmarki, umri miaka kumi na saba! Nilikwenda makaburini kumweleza Walburga. Ilinibidi nimweleze na lile la Februari, kwamba siku ile nilimwambia wanajadiliana ilhali mambo yalikwisha. Nilikaa muda mrefu. Nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Utenzi ulikuwa mrefu mno. Beti hamsini zingetosha.

Jumatano, 19 Agosti.

Mambo mawili leo.

La kwanza, barua ya mwalimu mkuu. Rebhan amemwendea mara tatu kunitetea. Anasema Kigiriki kimemshinda na watoto wanahitaji mwalimu wa kweli. Nirudishwe kazini Septemba, darasa lilelile, na kuni za majira ya baridi nitapewa na shule. Rebhan mwenyewe alisimama mlangoni nikiisoma. Alionekana amechoka. Alisema: "Njoo tu, mwenzangu. Yaliyopita tumeyazika."

La pili, na ndilo kubwa: Meksiko! Nchi nzima haina mfalme, na taji anapelekewa ndugu wa mfalme wa Vienna, ambaye mkewe ni nani? Binti wa Brussels. Damu ya kasri letu hili hili! Rebhan anasema kule wana vita, na kwamba aliyejiita mfalme wao mara ya mwisho walimpiga risasi wenyewe. Hivyo ndivyo asemavyo mtu asiye na mtazamo wa mbele. Nimemwambia anishukurie mwalimu mkuu, lakini nafasi hiyo apewe mwingine. Akatingisha kichwa, akaondoka bila kuaga.

Nimeanza Kihispania tangu saa nne. Ni chepesi.

Baron ana binamu Brussels anayekusanya majina ya watakaofuatana na msafara, na amenipa karatasi ya maswali. Nimejaza yote kwa mwandiko wangu bora. Umri, lugha, dini. Swali la saba linauliza kama mwombaji ana mgonjwa au jamaa yeyote nyumbani anayeweza kumzuia kusafiri. Nimeandika: sina tena. Nimelisoma jibu hilo mara mbili. Naamini litanitanguliza mbele ya wengi.