Mpako wa Baba Jeremiah

Jumamosi, 20 Desemba 2025

Nimepewa soda na sahani. Tena. Pauline, mwenye chumba cha Ghulail tunachokutania sisi Wakenya wa mji huu, ametangaza kwenye grupu kwamba Krismasi tutaila Ijumaa tarehe 26, kwa kuwa Alhamisi kila mtu yuko kazini. Nyama ni ya Protus. Soda na sahani ni za Elphas, yaani mimi. Hakuna aliyetaja pilau yangu ya mwaka jana, lakini Hannah aliweka picha ya gari la zimamoto.

Protus ni mlinzi wa jumba linalotazamana na la bosi wangu hapa Aziziya, ninakofanya kazi ya udereva. Anajua kupika kuku tu, kila mwaka kuku, na kila mwaka wanamsifu. Nikaandika kabla sijafikiri: naleta paja zima la kondoo, limepakwa mpako wa marehemu baba yangu.

Baba, Jeremiah, alikuwa mpishi wa hoteli moja Kitale. Kila Krismasi aliwaokea wageni paja la nguruwe, akalipaka sukari guru, maji ya nanasi, haradali na karafuu. Sisi watoto tulimngoja mlangoni aje na gazeti lililokunjwa. Ndani yake, vipande vya ule mpako. Huku nguruwe mafi, yaani hakuna kabisa, lakini mpako haujakatazwa na mtu.

Pauline akajibu kwamba sawa, ila likiharibika, mimi ni wa soda hadi nirudi Kenya. Grupu zima likaunga mkono. Upesi mno, kwa maoni yangu.

Jumapili, 21 Desemba

Sijui mpako ulipikwaje. Hilo sikuliandika kwenye grupu.

Nimempigia dada Selipher, anayefanya kazi kwa bibi mmoja Shumaisi, Riyadh. Ndiye aliyekuwa akimsaidia baba jikoni kule hotelini. Alicheka mpaka bibi yake akaja kuuliza kuna nini. Akasema ana miaka sita hajaonja Krismasi. Atanifundisha kwa sharti moja, kipande chake kifike Riyadh. Derrick wa grupu, dereva mwenzangu, anampeleka bosi wake huko Ijumaa jioni, basi hilo limekwisha.

Akasisitiza jambo moja. Mpako hupakwa mwisho, nyama ikishaiva. Ukipaka mapema, unaungua. Nimeandika. Naona ni ushauri wa waoga.

Jumatatu, 22 Desemba

Sukari guru hakuna. Madam, mke wa bosi wangu, ana chupa kubwa ya asali ya tende, nyeusi, nzito. Nikaomba kidogo. Akauliza ya nini. Nikasema kikohozi.

Madam ana huruma, na hapo ndipo nilipoponzeka. Kanipa kikombe cha asali pamoja na kijiko cha mafuta ya habasoda, ninywe mbele yake. Asubuhi na jioni hadi nipone. Mafuta hayo ni machungu hadi masikioni. Na kupona siwezi, maana kikombe kimoja hakitoshi paja zima.

Jumatano, 24 Desemba

Habasoda, vijiko vitano. Asali ya tende, vikombe vitatu. Nimekohoa mpaka mbavu zinauma kweli.

Mchana nilipika mpako chumbani kwangu kando ya geti. Nikaonja. Mtamu, lakini si wa baba. Nikaongeza karafuu. Si wa baba. Haradali. Si wa baba. Hapo nikaogopa. Selipher ana mapishi kichwani, mimi nilidhani angalau ulimi wangu umeitunza ladha. Baba hayupo, ile hoteli ilifungwa. Kama nami nimesahau, basi imekwenda.

Protus alivuka barabara kuuliza kama nafukiza mende. Nilikuwa na jibu tayari, ila alikaa kizingitini akanusa tena, akasema chai ya nyanya yake kule Webuye ilinukia hivyo hivyo siku za Noeli. Tukaimba ubeti mmoja wa wimbo wa Noeli kwa sauti ya chini, yeye besi, mimi nikikosea maneno. Akarudi getini kwake. Nilikuwa namchukia vizuri tu hadi leo.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimewapeleka watoto kwa daktari wa meno, madam sokoni, baba mwenye nyumba kwa kinyozi. Hakuna hata mtu mmoja barabarani aliyevaa nguo mpya kwa sababu yake. Nimewakumbuka watu wa nyumbani mpaka nikapitiliza taa.

Habari njema ni kwamba Mwafghani mmoja, mwoka mikate mipana ya tamisi pale Ghulail, amekubali nitumie tanuri lake kesho.

Ijumaa, 26 Desemba

Nililipaka paja mpako kabla halijaingia motoni. Nikapaka tena. Nikapaka mara ya tatu, ili Protus aone mng'ao toka mlangoni. Mwoka mikate akasukuma sinia ndani, nikakaa kungoja nusu saa.

Adhana. Ijumaa. Leo nimepewa ruhusa, lakini miaka minne nawapeleka watu wa nyumba hii msikitini kila Ijumaa saa hiyo hiyo, na sikukumbuka. Mwoka mikate akasema yalla, nje, akashusha mlango wa chuma, akatia kufuli, akaenda kuswali. Nilimsihi. Akasema nyama haitaenda popote.

Nikasimama nje nikinusa. Kwanza karafuu. Halafu tende. Halafu moshi. Hotuba ilikuwa ndefu kuliko zote za mwaka huu.

Paja lilitoka jeusi. Pauline alileta kisu. Hannah akabandua ganda lote lililoungua, akaliweka kando kwenye karatasi ya foili. Nyama ya ndani ililiwa kwa adabu. Kuku wa Protus aliisha hadi mifupa.

Nilipokuwa naosha sahani, ambazo sasa ni zangu milele, nikatia kipande cha lile ganda mdomoni ili nisilie mbele ya watu. Nikalia. Ilikuwa ndiyo ladha yenyewe. Chungu, tamu, karafuu, gazeti, mlango wa nyumbani. Baba mzima. Nikafunga lililobaki, nikamkimbilia Derrick kabla hajaondoka.

Jumamosi, 27 Desemba

Selipher amepiga simu. Kwanza nikamsikia akitafuna. Kisha akaniambia alichoficha miaka yote. Baba alikuwa akipaka mapema. Kila Krismasi aliunguza, kila Krismasi meneja alimfokea, naye alibandua ganda wageni wasilione, akatuletea sisi. Wageni walikula nyama tupu. Yeye Selipher alimwambia baba apake mwisho, mwaka baada ya mwaka, na baba akamwona mwoga.

Dada akasema natumai umejifunza.

Nimejifunza. Nimewaandikia kwenye grupu kwamba paja la Ijumaa halikuungua, lilipikwa kwa mtindo wa hoteli, na Pasaka nitaleta mawili. Pauline amejibu kwa neno moja, soda. Si kitu. Nimeshakohoa mara tatu mbele ya madam, naye ameenda kuchukua kijiko.