Mvua ya Uwele Kinampanda

Jumatatu, 11 Novemba

Jua. Jua tena. Vumbi limeingia hata kwenye uji.

Tangu mavuno yaishe Elina yuko Kintinku, anamuuguza mama yake aliyeanguka akaumia nyonga. Pendo yuko shule ya bweni, nyumba imekuwa kama ghala la mtu mwingine. Naingia, nabisha hodi, najijibu mwenyewe karibu. Aliniahidi pale kwenye gari: Baba Pendo, mvua ya kwanza ikinyesha tu, narudi tupande. Basi. Mimi sidai mke. Nadai mvua.

Na mvua naijua! Mtu aliyekuwa utingo wa lori mpaka Tunduma, akaiona Zambia kwa macho yake ng'ambo ya geti, atashindwa na wingu? Leo simu yangu imeandika: mvua, asilimia kumi. Kumi! Mtu akikuletea kuku kumi utasema hajaleta kitu? Nimetangaza gulioni kwamba mvua ni wiki hii. Watu wamesikiliza sana. Mmoja aliondoka katikati ya maneno yangu, bila shaka kwenda kunoa jembe.

Aliyeharibu ni jirani yangu Zefania, mwalimu wa kwaya, mtu ambaye hajawahi kumdanganya hata mbuzi. Kasema upepo bado haujageuka, tusubiri mwisho wa mwezi. Ana simu ya kitochi, haina hata picha ya jua. Watu wakamwamini yeye. Elimu ya nchi hii!

Jumanne, 12 Novemba

Nimempigia Elina. Nikamwambia mawingu yanajikusanya. Akauliza nani kasema. Nikasema sayansi. Akauliza Zefania anasemaje.

Imeniuma. Mume ni mimi, lakini mbingu ni za Zefania.

Akasema kama kweli mvua ipo, basi siku ikinyesha nimpigie, aisikie kwenye bati kwa masikio yake mwenyewe. Hapo sauti yake ikalegea. Mwaka ule tulipotoka kwenye tembe tukaezeka bati, mvua ya kwanza ilipiga kelele hata hatukuweza kusikilizana. Tukakaa tu tunatazamana, tunacheka kama watoto waliofungiwa ndani. Hakuna aliyesema neno jioni nzima, na sijawahi kuongea na mtu vizuri namna ile.

Anataka kusikia bati? Atasikia bati.

Jumatano, 13 Novemba

Kokoto.

Nimeweka simu juu ya stuli ndani, sauti ya nje, mimi uani narusha juu. Elina akauliza ni mvua ya mawe? Nikasema ndiyo, mwaka huu imeanza na nguvu. Akaniuliza nimemkosea nani hadi nyumba yangu inapigwa mawe mchana kweupe, na kama mwenyekiti wa kitongoji ameshaitwa. Nikakata. Kokoto moja imenirudia mimi mwenyewe, kwenye paji la uso.

Alhamisi, 14 Novemba

Maji. Nimepanda ngazi na madumu. Huku bomba linatoa kikombe kwa saa, lakini mapenzi hayana bomba.

Ikasikika pwaa! Halafu kimya. Pwaa! Kimya. Elina akasema, Baba Pendo, huyo ni mtu anamwaga maji ya vyombo.

Zefania alikuwa ameegemea uzio muda wote. Akaniuliza kwa upole kama naoga na nyumba. Nikamjibu napoza bati lisipasuke kwa joto, ndivyo wanavyofanya Zambia. Akasema kuna watu hawana maji ya kunywa. Ni kweli. Lakini kwa nini aseme kwa sauti ya wimbo wa kipaimara?

Ijumaa, 15 Novemba

NIMEIPATA!

Uwele. Punje ndogo, laini, nyepesi. Nimejaribu kiganja kimoja: chwaaa. Mvua tupu!

Uwele ulikuwa mmoja tu humu ndani, wa mbegu, kwenye kibuyu kinachoning'inia juu ya mafiga ili upate moshi usiingiwe na wadudu. Kwetu kibuyu cha mbegu ni cha mama mwenye nyumba. Mwanamume hakifungui, hata njaa ikimuuma. Nimekifungua. Nikajisemea naazima tu, punje zitateleza mpaka mchirizini nizikusanye.

Nikampigia. Nikapanda na ungo, nikawa napepeta taratibu kutoka kwenye mgongo wa paa. Chwaaa... chwaaa... Jamani! Mimi mwenyewe juu ya paa, jua limenipiga utosini, nikatamani sweta. Nikaongeza. Ikashika. Nikasikia Elina kwenye simu kule ndani anamwambia mama yake, sikia mama, kwetu inanyesha, kwetu inanyesha. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo kutoka juu ya paa, akaitika marahaba na pole kwa kulowana.

Elina anakuja! Jumapili!

Nikashuka na ufagio kukusanya mbegu. Kuku. Kuku wangu, kuku wa Zefania, kuku wa mchungaji, na kanga wawili ambao hakuna mtu anayewajua. Nilipiga kelele. Walinitazama kama mgeni aliyechelewa karamu.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekwenda kumpokea Elina kwenye njia panda ya Misigiri. Basi likasimama, vumbi likapanda, likatulia. Katikati ya vumbi kasimama Elina. Amevaa gambuti.

Akaangalia mbingu. Akaangalia barabara. Akaniangalia mimi. Nikamweleza kwamba mvua ya milimani ni ya kuchagua, inanyesha nyumba na nyumba. Tukapanda bodaboda, dereva mbele, mimi kati, yeye nyuma. Uso aliugeuzia vumbi mpaka Kinampanda. Lakini alishika shati langu njia nzima. Barabara ingeongezwa nisingelalamika.

Nyumbani hakukaa. Alitazama juu ya mafiga, akashusha kibuyu, akakitikisa. Kimya. Nikaeleza yote: kokoto, maji, ungo, kanga. Nilidhani kwenye kanga atacheka. Akaniuliza jambo moja tu: zote? Akasema mbegu ile bibi yake aliipanda, mama yake akaipanda, na msimu mmoja wa ukame mama yake huyo alilala na njaa kibuyu kikiwa kichwani pake, hakukigusa.

Akachukua kikombe, akainama mchirizini, akaanza kuokota punje moja moja kutoka kwenye vumbi. Nikainama naye. Vichwa vyetu vikawa karibu, nasikia anavyopumua. Tukapata kikombe, hakijajaa. Nikamwambia tangu mavuno sijapata saa nzuri kama hii. Akasema nisiseme hivyo, maana ana hasira na hataki kuipoteza.

Jumatatu, 18 Novemba

Amerudi Kintinku. Mama hawezi kusimama bila kushikwa, alimwachia jirani kwa sababu aliamini kwetu kumenyesha. Ameondoka na kibuyu.

Kabla ya kupanda gari ametoa sheria. Hatarudi kwa neno langu wala la simu yangu. Atarudi kwa neno la Zefania! Mvua ikinyesha, Zefania atachimba shambani kwetu aingize mkono, kama wanavyopima watu wote huku. Unyevu ukifika kiwiko ni wakati wa kupanda, na atampigia. Zefania, aliyekuja kutusindikiza, akakubali. Alikuwa amevaa tai. Mimi mwanamume mzima, ndoa yangu imewekwa kwenye kiwiko cha mwalimu wa kwaya!

Halafu Elina akasema, kama nimemkumbuka kiasi hicho, mbona gari linakwenda pande zote mbili. Nishuke Kintinku nimsaidie kumnyanyua mama, tusubiri mvua wote, turudi wote.

Nilimhurumia. Mwanamke mzuri, lakini hajui mambo ya hali ya hewa. Nikishuka, nani ataiangalia mvua huku?

Ijumaa, 22 Novemba

MVUA! Ya kweli! Ya Mungu mwenyewe! Imeanza mchana, upepo, giza, halafu chwaaa, na sikuwa na ungo mkononi! Nimetoka uani na singlendi, nimepiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi. Harufu ya udongo! Nikageuka kumwambia mtu. Hakuna mtu. Nikamwambia mbuzi.

Nikampigia Elina, nikainua simu juu asikie. Akauliza safari hii uwele nimeuiba kwa nani. Nikaapa. Akaniuliza Zefania yuko wapi.

Nimemburuta Zefania chini ya mvua. Akasubiri ikatike, akakunja shati, akachimba, akaingiza mkono. Unyevu umefika kwenye kifundo cha mkono. Nikamwambia mkono wake ni mrefu bila sababu. Nikamwomba achimbe kwa mkono wa kushoto. Akasema kifundo si kiwiko, na kwamba mtu akipanda leo mbegu itaota Jumanne na kufa Alhamisi, na kile kikombe ndicho kilichobaki cha ukoo mzima. Kasema atapima tena kesho baada ya ibada ya Jumapili. Nikamwambia kesho si Jumapili. Kasema basi kesho kutwa. Hana haraka. Yeye mke wake yuko jikoni.

Jumamosi, 23 Novemba

Jua. Simu inasema asilimia tano. Naiona inaogopa kusema ukweli.

Nimekaa kitandani upande wa Elina, ule wa ukutani. Khanga yake aliyoisahau bado ina harufu ya moshi wa mafiga. Nimewaza kwa kina, na nakiri nimejifunza mengi katika jambo hili. Kosa langu lilikuwa kuanzia juu, kwenye bati. Juu watu wanaona. Hata kuku wanaona. Mvua ya maana huanzia chini.

Nimeshachagua mahali shambani, karibu na kichuguu, udongo wake ni laini na hapaonekani kutoka kwa Zefania. Madumu yamejaa, nimeazima mengine kwa mchungaji, nimemwambia ni ya ubatizo. Nimeanza kumwaga tangu asubuhi, polepole, ardhi inywe bila kubakisha dimbwi, juu nafunika kwa majani makavu. Kesho nitamwongoza Zefania mpaka pale pale, kwa heshima zote, nimbebee na jembe.

Anataka kiwiko? Nitampa kwapa.