Bata wa Sherehe ya Kiapo

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1608. Asubuhi hiyo ukungu uliushukia mji wa Waldenau hadi mnara wa kasri ukakosa kichwa, na manyunyu hayakukoma. Bwana Kaspar Zwickl, Mkuu wa Itifaki wa Duke Ruprecht, alisimama kwenye ngazi za kasri na kuusomea uwanja tangazo alilolitunga mwenyewe:

"Kwa heshima na taadhima, Serikali ya Mtukufu Duke inawahakikishia Waprotestanti wote kwamba uhuru wao wa kuabudu unaendelea kama kawaida, isipokuwa makanisa, wachungaji na uimbaji. Zaburi zinaruhusiwa, mradi mdomo umefungwa."

Alilikunja akiwa ameridhika. Hata mvua, aliona, ilinyesha kwa utaratibu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Siku hiyo mabaroni wote wa nchi wangemwapia utii Duke mpya, kisha karamu. Mambo yakienda sawa, Zwickl naye angepewa ubaroni. Tatizo ni kwamba mabaroni Waprotestanti walikuwa wameungana. Walijazana katika nyumba ya wageni ng'ambo ya uwanja na kukubaliana kwamba hakuna atakayeapa mpaka dini yao iachwe huru. Kutoka huko mvumo ulisikika kama wa mzinga wa nyuki. Walikuwa wakiimba zaburi, midomo imefungwa. Walikuwa wakitii sheria.

"Waacheni," alisema Zwickl. "Njaa itawaleta."

Njaa ilianzia upande wa pili. Kwa desturi ya Waldenau, mtawala hufunga tangu mkesha wa kiapo, na siku yenyewe huhudumiwa na wenye vyeo vya kurithi tu. Ukoo mmoja hufungua mlango wa ukumbi, mwingine hukata nyama, mwingine humimina mvinyo. Mwaka uliopita Zwickl alikuwa ameongeza kifungu kwenye kanuni za sherehe: mkono mwingine ukigusa, sherehe ni batili na Duke si Duke tena. Hakuwa ameuliza koo hizo zinasali wapi.

Adhuhuri Mtukufu alikuwa angali amesimama mbele ya mlango uliofungwa, akinusa bata bukini wa kuokwa.

"Zwickl, fungua."

"Siwezi, Mtukufu. Mlango huu ni wa ukoo wa Hohenau."

"Basi nitaufungua mwenyewe!"

"Hapo utakuwa umejiuzulu, Mtukufu. Kifungu cha tisa."

Mpishi mkuu, Mama Walburga, alichungulia kupitia mlango wa jikoni. "Jamani mabwana, bata anakauka. Niacheni nimkate, kisu ninacho."

"Huna urithi, Mama."

"Kisu chenyewe nimerithi kwa mama yangu."

"Urithi unaotambulika."

"Haya. Kuleni hicho kifungu."

Mtukufu akaamuru mabaroni waletwe kwa mikuki. Zwickl akamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba kifungu cha kumi kinataka bata akatwe kwa hiari. Kisha akavuka matope mwenyewe.

Alimkuta Baron Erasmus Tannegg, mkata nyama wa kurithi, akisugua kisu chake cha fedha. Kando yake binti yake alikuwa amempakata mtoto mchanga.

"Baron, Mtukufu yuko tayari kusahau yote. Njoo ukate bata. Mambo ya dini tutayaundia tume."

"Tume nyingine tena, Zwickl?"

"Hii ni ya kuratibu zile za mwanzo."

Baron alicheka kwa mdomo uliofungwa, kisha akaacha. "Mtazame mjukuu wangu. Kifua kinamkoroma, na hajabatizwa. Mchungaji wangu umemfukuza, kanisa langu umelitia kufuli. Akituondokea usiku huu, kifungu gani kitanifariji?"

Zwickl alitafuta kichwani. Hakikuwepo. Alijisikia vibaya kidogo, akadhani ni njaa.

"Nitakuletea barua yenye muhuri."

"Barua zenu ninazo sanduku zima. Aje dirishani, aseme kwa mdomo wake, uwanja mzima usikie. Tutaapa, na paja nitamkatia mimi."

Zwickl akarudi kasri na sharti hilo. Bahati nzuri, dirisha halikuwa la ukoo wowote. Duke alilifungua mwenyewe. Chini walikuwepo mabaroni, wauza kabichi, na mtoto akikoroma ndani ya shali. Mtukufu akakohoa, akasema: "Mmm, mmm, mmm."

"Hatusikii!" alipaza sauti muuza kabichi mmoja.

Mama Walburga akatoa kichwa kwenye dirisha la jikoni. "Mtukufu, fungua mdomo! Wewe hujakatazwa!"

Uwanja ukacheka. Duke akavua kofia, mvua ikamlowesha.

"Makanisa yafunguliwe leo. Wachungaji warudi. Na kila mtu aimbe mdomo wazi."

"Na mtoto?" aliuliza Baron. "Kabla ya bata au baada?"

Harufu ilipanda ngazi. Duke akainusa mara moja, kisha akaegemea dirishani.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, safari hii kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa uwanja. "Mtoto kwanza, bata baadaye. Na maji ya ubatizo atayabeba Zwickl."