Kamba ya Faiba na Kitanda cha Mkwe

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Akina mama wenzangu wa kikundi, someni taratibu. Naandika kwa kidole kimoja. Nyinyi mlio mbali na Issuna hamjui kwamba huku wanapitisha faiba, ile intaneti ya kwenda chini ya ardhi. Wiki nzima nimekaa mlangoni natazama tu. Mtaro umepita kando ya uzio wangu, ukisimama ndani unakufika kiunoni. Humo wamelaza mabomba matatu ya plastiki, yamebanana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Halafu kila baada ya mwendo fulani wanajenga shimo la zege lenye mfuniko. Moja liko mbele ya mlango wangu. (Nilijivuna! Nililiita shimo langu.)

Basi leo asubuhi namsubiri mkwe wangu kutoka Manyoni. Mara ya kwanza kulala kwangu tangu amwoe binti yangu. Natoa kitanda cha wageni nje nikung'ute vumbi. Kile cha kamba, alichokichonga marehemu mzee. Nakikung'uta tu, kamba zinakatika. Puu! Puu! Zimeoza zote. Kitanda kimebaki miti minne na miguu. Mkwe alale wapi? Aning'inie kama popo?

Nikazunguka mbele ya nyumba kichwa kinaniuma. Shimo langu liko wazi, mafundi wako kule mbele kwenye gari lao. Nikachungulia. Bomba la kwanza lina waya mweusi. La tatu limezibwa kizibo. La pili tupu, ila mdomoni limechomoza kamba ya bluu. Mpya. Ngumu. Imelala tu haina kazi.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini akili ninazo. Nikasema, bomba tupu, kamba ya nini? Wameisahau. Tena ikibaki humo itaziba intaneti isipite. (Niliwaza hivyo kweli, jamani.)

Nikavuta. Ikaja. Nikavuta. Ikaja. Rundo likanifika magotini. Nikasema hii kamba mwisho wake uko Dodoma! Mahali fulani ikakwama. Nikakanyaga zege, nikavuta kwa nguvu za kung'oa kisiki. Kitu kikaachia huko mbele, ikaja yote.

Nikakaa kivulini nikawamba kitanda. Nilikiwamba mimi! Vifundo vya kwetu, ukikaa hakibonyei. Jirani yangu Mama Zaina akapita, akakipiga kofi kikalia kama ngoma.

"Mama, kamba hii umeitoa wapi?"

"Mungu hamtupi mja wake," nikamjibu.

Mkwe akafika saa sita na basi. Kijana mrefu, mpole, macho chini. Mnajua mila zetu. Mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Tulisalimiana yeye yuko mlangoni, mimi nimegeukia jikoni. Nikamtengea ugali wa mtama na jogoo mzima. Akala, akafunga msuli, akaenda kujinyoosha. Nikasikia anakoroma. Moyo wangu mweupe!

Saa nane nasikia kelele shimoni kwangu. Mafundi wamejaa, mwenyekiti wa kitongoji yupo, watu wamezunguka. Mkubwa wa mafundi ni binti anaitwa Rehema, sawa na wajukuu zangu kwa umri, kofia ya plastiki kichwani. Amepiga magoti anaangalia bomba la pili kama mtu anayeangalia kaburi lililofukuliwa.

Nikatoka kwa madaha. Nilijua nakwenda kushukuriwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama mnatafuta ile kamba mliyoisahau, nimeshawatolea. Bomba safi sasa. Wala msinipe chochote."

Rehema akasimama, akajipangusa magoti.

"Bibi," akasema Rehema taratibu, "ile kamba ndiyo njia. Tunafunga waya mwishoni mwake, wenzetu wa kule zahanati wanavuta, waya unapita. Bila kamba, waya hauna miguu."

Nikambishia! (Mimi na mdomo wangu.) Nikamwambia waya mbona umeshapita kwenye bomba la kwanza, haya mengine mnapoteza plastiki. Hakukasirika. Akachukua kipande cha waya, akakimenya kama muwa, mpaka katikati akatoa uzi. Akaniwekea kiganjani. Wallahi sikuuona mpaka jua lilipoupiga. Mwembamba kama unywele.

"Hiki ni kioo, bibi."

"Kioo kinapinda?"

"Kikiwa chembamba hivi, kinapinda. Tazama."

Akaelekeza ncha moja kwenye tochi, ncha nyingine akaniletea jichoni, kiganja chake kimenikinga jua. Mama zangu! Nukta ya mwanga, ndogo kuliko jicho la siafu, imetoka upande wa pili. Akaniambia huo mwanga ndio unaobeba maneno. Picha, sauti, vyote vinakimbia humo. Mimi nimezaa saba, nimeona treni kwa mara ya kwanza kule Manyoni nikiwa binti, lakini mwili ulinisisimka.

"Na bomba la tatu lenye kizibo?" nikauliza. Sasa nauliza kwa adabu.

"La wasiozaliwa," akasema. "Kuchimba ndiyo kazi ngumu, bibi. Tukifukia hatutaki kurudi kufukua. Watu wakiongezeka, tunapitisha waya mwingine hapo. Na wakitaka kasi zaidi ya leo, tunabadilisha mashine za huku na za kule. Kioo kinabaki kilekile ardhini."

Nikalitazama lile bomba. Mtu asiyenijua amekaa mahali akawafikiria vitukuu vyangu, akawachimbia nafasi yao kwenye uzio wangu kabla mama zao hawajaolewa. Sisi huku hata mvua ya mwaka ujao tunaogopa kuitaja.

Mwenyekiti akanikatisha. "Bibi, kamba iko wapi? Bomba la pili ni la zahanati. Kamba nyingine hawana, na gari lao linahamia Shelui leo jioni. Waya usipopita leo, zahanati itasubiri mpaka warudi, na lini hawajui."

Zahanati! Ile ambayo nesi akitaka kumuuliza daktari wa mjini anapanda kichuguu na simu mkononi!

"Kamba ipo," nikasema. Sauti imekuwa ndogo.

"Ipo wapi?"

"Imelaliwa."

Wakanifuata wote. Kitongoji kizima uani kwangu! Nikasimama mbali na mlango, nimegeuza uso kama mila inavyotaka, nikakohoa.

"Mkwe wangu... samahani. Kitanda kinahitajika zahanati."

Akaruka! Kumbe kwetu kitanda cha kamba ndicho tunachobebea mgonjwa. Mkwe wangu katoka mbio na msuli wake, kitanda kichwani, anauliza, "Mgonjwa yuko wapi, mama? Nani kazidiwa?" Akakuta watu wote wanamtazama.

"Hakuna mgonjwa, shemeji," Mama Zaina akamjibu kwa furaha kubwa. "Mama mkwe wako kakulaza kwenye intaneti."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Na bado! Mafundi wakashindwa kufungua vifundo. Rehema kakataza kisu, kamba isikatwe. Anayejua vifundo ni mimi peke yangu. Basi nikapiga magoti upande huu, mkwe kashika mti upande ule, vidole vyetu vinakaribia kugusana, na kijiji kinahesabu vifundo kwa sauti. Nilitamani lile shimo la zege linifunike na mfuniko wake.

Kamba ikatoka nzima. Wakafunga uzi mwepesi wa nailoni kwenye kipande cha sponji, wakakisukuma ndani ya bomba kwa mashine ya upepo. Bomba likakohoa. Kidogo tu, tukasikia ukelele kule zahanati: "Imetoka!" Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya. Niliutazama ukiingia ardhini mweusi, mtulivu, kama nyoka anayerudi kwake, na machozi yakanitoka. Jioni nesi kaonekana dirishani anaongea na daktari wa mjini kwenye kompyuta, anamwona usoni. Kichuguu hakikupandwa.

Mkwe analala chini kwenye mkeka. Kaniambia, macho chini, "Mama, usijali, sijawahi kulala juu ya kitu cha maana namna ile."

Nilitaka kuwaomba msicheke, na hasa msimwambie binti yangu kule Manyoni. Lakini hapa ninapoandika simu inaita. Ni yeye; nimepokea, hata haniamkii, anacheka tu.