Cherehani ya Dirishani na Ugonjwa wa Watu Wengine

Jumatatu, tarehe 4. (Mume anasema leo ni Jumanne. Haya, Jumanne, tarehe 4. Kubishana ndiyo kazi yake.)

Nimeanza shajara. Ya mwaka jana sikuimaliza. Ya mwaka juzi sijui iko wapi. Hii haitapotea, ina jalada gumu.

Leo siku kubwa! Bosi, mama mwenye karakana yetu ya ushonaji, alituita mimi na Sindano. Sindano ndilo jina tulilompa fundi mwenzangu: mwembamba, mkali, na hakuna tundu asilopenya. Bosi akasema fundi wa dirishani kahama, cherehani yake haina mwenyewe. Nikishona mifuko ya sare ishirini na nne za manesi hadi Jumamosi bila kuharibu, cherehani ni yangu, na ajira ya kudumu juu. Nikiharibu, anapewa Sindano. Mimi nibaki kibarua wa pasi, na kuanzia mwezi ujao Kifungo asije tena kazini, maana pasi ya moto na mtoto anayetambaa havikai chumba kimoja.

Kifungo ni binti yangu. Miezi minane, meno mawili, akili za waziri. Kazini hukaa kwenye boksi la vitambaa. Pembeni ya dirisha boksi linaenea kabisa, nimepima. (Mara mbili. Jibu la kwanza nililisahau.) Nikikosa nafasi ile, atakuwa anashinda na mama mkwe, na mimi nashinda na pasi. Nani atamwimbia akisinzia? Pasi?

Mchana kliniki, kumpima Kifungo uzito. Nilichelewa kidogo tu, kama saa moja. Nesi Mkuu alikuwa akitoa somo: ADHD kwa watu wazima. Kumbe si watoto wanaoruka juu ya meza peke yao! Wakubwa nao wamo. Kuna aina tatu. Aina ya kwanza, mawazo yanatawanyika: mtu anasahau, anapoteza vitu, anaanza kazi hamalizi. Aina ya pili, hatulii: anahangaika, anakatiza wenzake, anaamua kwanza halafu anafikiri. Ya tatu sikuisikia vizuri, nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Ikabidi nimkatize Nesi arudie. Ya tatu ni zote mbili kwa pamoja.

Akasema si uvivu, si ukaidi, wala si malezi mabaya. Tena si kila anayepoteza funguo anayo. Mpaka iwe imeanza utotoni, na iwe inavuruga maisha nyumbani na kazini.

Nilitokwa na machozi. Maskini mume wangu! Miaka mitatu nalala na mgonjwa na sijui.

Nimechukua fomu ya maswali. Nitamtibu mimi.

Jumatano, tarehe 5.

Nimeanza uchunguzi. Mume wangu ni fundi wa kupaka rangi nyumba. Akirudi anakaa kiti kilekile, anatazama taarifa ya habari, hasemi. Dalili kubwa! Nikamjaribu. Nikampa kazi nne kwa mpigo: alete maji, afunge dirisha, abadilishe nepi. Akafanya zote tatu bila neno. Ya nne hakufanya. Akadai sikumwambia. Nikajaribu kuikumbuka nimwonyeshe, ikanikimbia. Lakini mgonjwa wa kweli ndivyo alivyo, hakumbuki hata alichoambiwa.

Uji wa Kifungo ukaungua wakati nikiandika matokeo. Sufuria la pili wiki hii. Mama mkwe akaja mbio, akazima jiko, akafungua madirisha, akafuta meza, akapika mwingine. Hatulii yule mwanamke! Aina ya pili, wazi kabisa. Nimemwandika pembeni.

Sindano je? Leo alipita mezani kwangu mara sita. Akaniuliza mifuko umeanza? Nikamwambia nimeshaanza kufikiria. Akacheka, akasema basi manesi watavaa fikra. Aina ya tatu. Kali.

Nyumba na karakana nzima, mzima ni mimi peke yangu. Mzigo mzito, lakini Mungu hampi mtu asichoweza.

Alhamisi, tarehe 6.

Nesi alisema kuna njia za kusaidia: kuandika orodha, kutegesha kengele kwenye simu, kugawa kazi kubwa vipande vipande, kukaa na mtu anayekuangalia ukifanya. Wengine hupewa dawa na daktari. Dawa sina, nimeanza na kengele. Nilimtegeshea mume kumi na moja.

Ya nne ililia akiwa juu ya ngazi anapaka dari ya mteja. Akashtuka. Kopo likaondoka. Mteja alikuwa chini, na kanzu nyeusi. Jioni mume alirudi na madoa meupe mpaka kwenye kope. Akasema kwa upole, mke wangu, naomba simu yangu uiache. Upole wa namna hii hata Nesi hakuutaja. Labda ni aina ya nne.

Nikajaza fomu yake. Jina la mgonjwa: la mume. Maswali mepesi. Huanza kazi nyingi bila kumaliza? Hapo nilikwama, maana yule akianza ukuta anamaliza ukuta. Nikawaza, mtu wa kawaida angejibuje? Nikajibu kama ningekuwa mimi. Mara nyingi sana. Huweka vitu mahali visipopatikana? Mara nyingi sana. Likafika swali la utotoni. Nikamuuliza mama mkwe. Akasema mwanawe alikuwa anapanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa. Hilo halisaidii chochote! Nikaandika utoto wangu, kama mfano tu. Kwamba mwalimu aliniita Kipepeo. Kwamba penseli nilipoteza mpaka darasa likawa linanicheka kabla sijasema nimepoteza. Kwamba nilijua majibu lakini yalifika nikiwa nimeshaitwa mjinga. Kwamba niliacha shule mapema, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Karatasi ililowa kidogo hapo. Kifungo alikuwa anadondosha mate, nadhani.

Mama mkwe alisoma begani kwangu. Akasema, mwanangu, nyani haoni kundule. Kweli kabisa. Sindano asingekubali hata umwonyeshe kwenye kioo.

Mifuko: kesho.

Ijumaa, tarehe 7.

Mifuko arobaini na nane, siku moja. Sina wasiwasi. Mimi nikibanwa ndiyo nachapa kazi.

Bosi alinipa karatasi ya kukatia mifuko tangu Jumanne, nikaiweka mahali salama. Salama sana. Nimepekua boksi, kabati, mkoba, nepi. Haipo. Bosi asingeelewa. Nikakumbuka ninayo karatasi nyingine mkobani: fomu ya mume! Nikaikunja katikati, kwa macho nikaona inalingana. Nikaibana kwa pini juu ya kitambaa, nikapiga chaki kuizunguka, nikakata. Mkasi unaimba! Saa sita nilikuwa nimemaliza kukata. Nani kasema simalizi?

Kushona nako kulikwenda vizuri, ila nilisimama kidogo tu: kumnyonyesha Kifungo, kupanga nyuzi za karakana nzima kwa rangi (zilikuwa zinaniudhi), kumweleza mteja mmoja aina tatu za ADHD, na kutafuta mkasi niliokuwa nimeushika.

Saa kumi mifuko yote imeshonwa. Fomu imepotea.

Halafu nikaenda kumnawisha Kifungo uso, niliporudi nikamfumania Sindano! Amekaa mahali pangu, na wembe mkononi, anafumua mifuko yangu! Mitatu! Nikamuuliza kulikoni. Akasema, shoga, hii ina midomo chini. Nikamwambia wivu una midomo pande zote. Akaendelea kufumua. Sikumshtaki kwa Bosi. Huruma. Aina ya tatu haijiwezi.

Jumamosi, tarehe 8.

Sijui nianzie wapi.

Bosi alizitundika sare zote ukutani. Akachukua futi. Mifuko ilitakiwa kutosha kiganja. Yangu inatosha mkate mzima, na chai. Ilianzia kiunoni ikakaribia magoti. Akauliza karatasi yake iko wapi. Wakati huohuo Kifungo akakohoa ndani ya boksi, akatema kipande cha karatasi yenye mwandiko wa Bosi.

Sindano ndiye aliyenisemea. Kwamba kitambaa hakipo tena, muda hakuna, zipelekwe hivyohivyo. Bosi akazikunja kama anayekunja sanda. Akaniambia nibebe boksi langu, nikae nyumbani mpaka aniite. Kama ataniita.

Nimebeba boksi. Kifungo alifurahi, alidhani tunahama. Njia nzima anacheka, na mimi nambusu kichwa ili asinione uso.

Mume alinivua viatu, akavipanga.

Jumatatu, tarehe 10.

Nimeitwa! Nimerudi na Kifungo na boksi lake.

Nikamkuta Nesi Mkuu karakanani, amevaa sare yake. Mfukoni amejaza daftari, mkasi, kalamu tano, glavu na chungwa. Akasema kwa miaka yote wanashonewa mifuko ya kutia kidole kimoja, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kawafikiria. Wanataka sare kumi zaidi, mifuko hiyohiyo. Nikasema ndiyo, nilifikiria sana. Sindano akakohoa. Bosi akakohoa. Vumbi jingi humu.

Ila mfuko mmoja, Nesi akasema, ulishonwa pande zote nne. Hauna mdomo, na ukitembea unachakacha kama majani makavu. Akaupasua kwa mkasi. Ndani akakuta fomu.

Alinivuta kando. Akauliza fomu ni ya nani. Nikasema ya mume. Akauliza, mumeo ndiye aliyekuwa akiitwa Kipepeo? Nikasema hapana, huyo ni mimi, hapo nilikuwa natoa mfano. Akauliza na penseli? Mfano. Na aliyeacha shule mapema? Mifano yote hiyo. Akasema, mdogo wangu, hukuwa mjinga hata siku moja. Hakuna aliyekuuliza, basi.

Kifungo alinilowesha tena shavu. Ingawa alikuwa kwenye boksi.

Nesi akasema hawezi kuhukumu kwa fomu peke yake, mtaalamu anakuja Jumatano hii tu, saa tisa, halafu harudi mpaka miezi minne ipite. Akaandika kadi. Kaandika jina langu. Nadhani mgonjwa wa kiume hupelekwa kwa jina la mke.

Na Bosi? Cherehani ya dirishani nimepewa! Kwa majaribio. Masharti matatu: kazi moja kwa wakati mmoja, Sindano akae karibu yangu aniangalie, na Jumatano niende kliniki. Nisipokwenda, narudi kwenye pasi na Kifungo anashinda kwa bibi yake. Kisha Bosi akafichua kwamba sharti la pili limetoka kwa Sindano mwenyewe, eti aliomba. Aliomba aniangalie! Wivu umefika hapo.

Boksi limeenea dirishani kama nilivyopima. Jua linamwangukia Kifungo miguuni, anajaribu kulishika. Nimeshona kola nne bila kusimama. Nilipotaka kusimama, Sindano alisema tu, kola. Nikakaa.

Kadi nimeiweka mahali salama. Na kengele nimetegesha, wasiseme sijasikia somo.

Jumatano, tarehe 12. (Nimeuliza. Ni sahihi.)

Bosi kaniruhusu mapema leo, kasema nisisahau. Nikamwambia mimi? Nimefika nyumbani, nimefua nusu, nimeanza kupanga vyombo, nimeona bora niandike kwanza.

Nina mpango mpya. Niliomba fomu tatu za ziada: ya mume, ya mama mkwe, ya Sindano. Ya Sindano naijaza sasa hivi. Huingilia shughuli za wengine? Mara nyingi sana. Hushindwa kutulia? Mara nyingi sana. Mume naye naona nimtoe aina ya nne, nimpe ya kwanza.

Simu inalia. Ni kengele. Imeandikwa NENDA. Niende wapi? Mtu akitegesha kengele si aandike yote! Nimeizima, inakatiza mawazo.

Sasa mlango unagongwa kama nyumba inaungua. (Nimekagua jiko. Haiungui, bado.) Ni Sindano! Anahema, kiatu cha Kifungo kilichopotea wiki iliyopita mkononi, na kadi yangu pia, eti ilikuwa imeshonwa ndani ya kola ya nne. Hana hata salamu. Anapiga kelele mtaa mzima usikie: shoga, saa tisa kasoro robo, vaa viatu, mtoto nambeba mimi! Ameshamfunga Kifungo mgongoni. Haangalii kushoto wala kulia. Naandika nimesimama, ananivuta mkono wa kalamu.

Nimemuuliza taratibu, kama anavyouliza Nesi, tunakwenda wapi. Amesema kliniki.

Mungu mkubwa! Mgonjwa amekubali mwenyewe.